Mashine ya 40 kwenye boti ya zamani: kisa cha kibao kilichong'oka Ntoroko

Saa tisa usiku, mwendo wa karibu saa moja kutoka mwalo (gati la wavuvi) wa Ntoroko, mashine ya nguvu za farasi 40 iling'oka nyuma ya boti huku ikiunguruma. Haikuzama. Ilining'inia kwenye kamba moja ya nailoni ambayo kijana mdogo kuliko wote botini alikuwa ameifunga jioni ile kwenye taruma, mti wa ndani unaoimarisha boti, bila kuagizwa na mtu. Mabaria wanne walikuwa wanarudi na muziri, samaki wadogo waliovua kwa taa. Upepo wa upande wa Kongo ulikuwa umeanza kushuka kutoka milimani, na nahodha alikuwa ameongeza moto wa mashine ili wafike kabla mawimbi hayajakua. Waliovaa jaketi za kuokolea ni wawili tu. Walichota maji kwa ndoo mpaka boti nyingine ya taa ikawasogelea, ikawavuta hadi nchi kavu.

Hakuna aliyekufa. Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Ziwa Albert, na boti ililetwa kwangu asubuhi hiyohiyo, nyuma yake pakiwa wazi kama jino lililong'olewa. Nataka kueleza nini kilivunjika, kwa nini kilivunjika siku ya ishirini na si siku ya kwanza, na tulivyopajenga upya. Kuna jambo inabidi niliseme mapema: siku walipokuwa wanapachika mashine hiyo nilipita hapo, nikaona walivyofanya, nikasalimia, nikaenda zangu. Nilijiambia si kazi yangu kwa kuwa sikuitwa. Ilikuwa kazi yangu, maana nilikuwa nimeona.

Boti yenyewe ni ya mbao, futi 28, aina ya Sese yenye tezi bapa, tezi yaani nyuma ya boti. Asili ya boti hizi ni Visiwa vya Sese kule Ziwa Victoria: zina mkuku chini, yaani mti mrefu ulio uti wa mgongo wa boti, na mbavu zinazopanuka kuelekea juu. Zipo zilizochongoka mbele na nyuma, za kasia, na zipo zilizokatwa bapa nyuma ili zibebe mashine. Ule ubao mzito unaofunga nyuma, unaobeba mashine, nitauita ubao wa tezi. Ya kwetu imejengwa kwa mbao za musizi na ina miaka kumi na moja. Mwenye boti ni mama mmoja mjane anayekausha na kuuza muziri. Mashine yake ya zamani ilikuwa ya 15, ikachoka, naye akakopa kwenye chama cha akiba, akapata ya 40 iliyotumika lakini nzima. Mashine haikuwa na kosa lolote. Nalisema hilo waziwazi kwa sababu neno la kwanza lililosambaa mwaloni asubuhi ile lilikuwa kwamba Mama kauziwa mashine mbovu.

Sasa tazama kilichobadilika. Mashine ya 15 ina uzito wa karibu kilo 38. Ya 40 inapita kilo 70. Hilo kila mtu aliliona, maana walioibeba kutoka kwenye gari walikuwa watatu badala ya mmoja. Ambalo halikuonwa ni mguu. Mashine hizi hutengenezwa kwa urefu wa miguu uliokubalika karibu dunia nzima: mguu mfupi ni inchi 15, yaani sentimita 38, mguu mrefu ni inchi 20, karibu sentimita 51, na kuna mrefu zaidi wa inchi 25. Kipimo hicho huanzia pale kibano, chuma kinachoishikisha mashine kwenye boti, kinapokalia ukingo wa ubao wa tezi, kikaishia kwenye lile bamba bapa lililo juu kidogo ya propela. Mashine ya 15 ya Mama ilikuwa ya mguu mfupi. Ya 40 ni ya mguu mrefu.

Boti ilijengwa kwa mguu mrefu, nilikuja kugundua baadaye. Mtu fulani miaka ya nyuma, alipopata mashine ya mguu mfupi, alichukua msumeno akakata pengo katikati ya ubao wa tezi ili kuishusha mashine. Pengo lile lilifikia sentimita 40 kutoka chini ya mkuku. Boti ya zamani hubeba alama za kila mashine iliyowahi kuibeba: matundu ya bolti, makovu ya skrubu, mapengo, viraka vya bati. Ukizisoma kwa makini zinakupa historia nzima kabla hujamuuliza mtu.

Walipoleta mashine ya mguu mrefu, wakaona inazama mno. Propela iko chini sana na mguu unagusa mchanga mwaloni. Wakafanya jambo ambalo karibu kila mwalo unalijua: wakachonga kibao cha kimo cha sentimita 10, wakakipigilia juu ya lile pengo, wakakivisha bati, wakapachika mashine juu yake, wakakaza skrubu mbili za mkono. Kwa macho ilikaa vizuri. Ilikuwa imenyooka na imebana. Hata mimi niliyepita nilipata wasiwasi wa sekunde moja tu.

Mama aliponiuliza, swali lake lilikuwa la haki kabisa: "Fundi, mwanangu, kama ilikaa vibaya, mbona imefanya kazi siku ishirini?"

Nikamwomba aje aone kibao chenyewe. Mawimbi yalikuwa yamekirudisha. Watoto walikiokota kwenye matete. Kilikuwa bado na misumari yake sita ya inchi 5, imenyooka, haikukatika hata mmoja. Msumari wa inchi 5 una sentimita 12.7. Kibao kina kimo cha sentimita 10. Toa moja kwenye nyingine: zilizoingia kwenye ubao wa tezi ni chini ya sentimita 3. Mashine ya kilo 70, boti ya watu wanne na samaki wao, vyote vilikuwa vinaning'inia kwenye ncha za misumari sita, kila ncha fupi kuliko kidole gumba.

Lakini hesabu ya misumari peke yake haitoshi, maana mtu anaweza kujibu kwamba uzito wa mashine unakandamiza kibao chini, hauking'oi. Ni kweli, mashine ikiwa imezimwa. Ikiwaka na propela ikisukuma, mambo yanageuka, na hapa ndipo wengi wetu tunaoelewa injini hatuelewi boti.

Propela iko chini majini, inasukuma mbele. Boti iko juu, haitaki kwenda. Kwa hiyo mashine yote inataka kupinduka: mguu uende mbele chini ya boti, kichwa kirudi nyuma. Kinachoizuia ni kibano. Ncha ya chini ya kibano inausukuma ubao wa tezi kuelekea ndani, na sehemu ya juu, pale kwenye skrubu, inavuta ukingo wa ubao kuelekea nje, nyuma. Nilipima kwenye mashine hii: kutoka ncha ya chini ya kibano hadi usawa wa skrubu ni sentimita 24, kutoka ncha hiyohiyo hadi usawa wa propela ni sentimita 36. Ni kama mtaimbo unaong'oa jiwe. Kwa kila kilo moja ambayo propela inasukuma, ukingo wa juu unavutwa nyuma kwa kilo moja na nusu, na chini unasukumwa ndani kwa kilo mbili na nusu. Kadiri unavyoongeza moto ndivyo unavyoung'oa ukingo wa juu wa boti yako mwenyewe.

Na skrubu zilikuwa wapi? Ziliuma kibao. Ncha ya chini ya kibano iliegemea ubao wa zamani, lakini vyote vilivyokuwa vinavutwa nyuma vilikuwa vimeshikwa na kibao, na kibao kimeshikwa na ncha za misumari. Hapo jibu la Mama likapatikana. Siku za kwanza nahodha aliendesha polepole kwa sababu mashine ilikuwa ngeni mkononi mwake. Ziwa lilikuwa tulivu na mizigo midogo. Kila walipoondoka misumari ilichomoka unywele mmoja, boti ikisimama ikarudi nusu yake, na tundu likapanuka. Usiku ule moto ulikuwa wote, boti imejaa, na kila wimbi lilikuwa linainua tezi hadi propela inakaribia kupumua hewa, kisha linaitumbukiza tena kwa kishindo. Siku ishirini zilikuwa safari moja ndefu ya msumari kutoka nje.

Dalili ilikuwepo. Nilimuuliza nahodha kama kuna kitu alikiona kabla. Akafikiri, akasema: "Kaka, kila asubuhi nilikuwa nakaza zile skrubu. Zilikuwa zinakubali robo ya mzunguko, hata nusu." Alidhani anaitunza mashine, na kwa nia alikuwa anaitunza. Skrubu mpya hulegea kidogo baada ya saa za kwanza, ndiyo maana hukazwa tena. Lakini skrubu inayokubali kukazwa kila siku, wiki nzima, inakueleza moja kati ya mawili: mbao inasagika ndani, au kitu kizima kinahama. Kwa boti hii yalikuwa yote mawili.

Kusagika tulikuona tulipoiburuta boti juu ya magogo na kuvua bati. Nilianza kwa nyundo ndogo. Mbao nzima hulia kwa sauti kavu, kama mlango mzuri. Iliyooza hujibu kwa kishindo kizito kisicho na mwangwi. Kushoto ililia vizuri, katikati ikanyamaza. Nikachukua bisibisi: iliingia sentimita mbili kwa nguvu ya kiganja. Kisha drili, sindano ya milimita 6, matundu matano, nikiangalia unga unaotoka. Unga mkavu wa rangi ya mbao ni habari njema. Uliotoka katikati ulikuwa mweusi, wenye unyevu, unanuka kama majani ya ndizi yaliyolala. Ubao wa tezi ulikuwa mbao mbili za inchi moja zilizopigiliwa pamoja bila gundi, na maji ya mvua yalikuwa yanaingia katikati yao kwa juu, kupitia pengo lile la msumeno lililoacha vinyweleo vya mbao wazi.

Watu hapa huamini kwamba ziwa ndilo linaloozesha boti. Chini ya maji mbao ya boti hukaa miaka mingi. Kinachooza ni pale juu panapolowa na kukauka, palipo na maji na hewa pamoja, na maji ya mvua yaliyojificha ndiyo mabaya kuliko yote. Tena sisi wa maji baridi tuna hasara ambayo mabaharia wa Mombasa hawana kwa kiasi chetu: chumvi ya bahari huzuia kidogo ule ukungu unaokula mbao. Maji yetu hayana kinga hiyo. Na bati tunalopigilia ili skrubu zisiume mbao hufunika kila kitu: linazuia unyevu usitoke, linazuia jicho lisione, na juu yake linateleza. Sijui kitu kingine botini kinachodanganya kama bati jipya juu ya ubao wa zamani.

Bado hatujafika kwenye tatizo lenyewe. Hata mimi kwa nusu siku nilifikiri dawa ni kubadilisha ubao wa tezi, basi. Seremala wa boti, mzee ambaye amejenga nyingi ya zile unazoziona hapa, ndiye aliyenishika mkono. Aliingia ndani ya boti, akasimama nyuma, akaegemea ubao wa tezi kwa nyonga, akausukuma. Ukasogea. Ulisogea mzima, pamoja na sehemu zake nzima, kwenye maungio ya mbavu.

"Mwanangu," akasema, "wewe unatazama mlango. Mimi natazama bawaba."

Ubao wa tezi unapovutwa nyuma juu na kusukumwa ndani chini, nguvu hiyo lazima iende mahali. Ikiishia kwenye misumari ya pembeni, boti itafunguka nyuma kama boksi. Inatakiwa ishuke hadi mkuku na itawanyike mbavuni, na njia yake ni vile vipande vya mbao vilivyopinda kama kiwiko, mkono mmoja ukilala kwenye ubao wa tezi, mwingine kwenye mkuku au ukingo wa ubavu. Boti hii ilikuwa na kiwiko kimoja tu, kidogo, upande wa kushoto. Cha mkukuni hakikuwepo kabisa. Palikuwa na alama yake, kimeondolewa zamani, labda ili kupata nafasi ya dumu la mafuta. Kwa mashine ya 15 boti ilivumilia. Ya 40 iliikuta haina mifupa.

Kwa hiyo mashine haishikiliwi na skrubu wala na bolti. Hizo zinaifunga tu kwenye ubao, ubao unafungwa kwenye viwiko, viwiko kwenye mkuku. Ukiongeza nguvu ya mashine bila kuufuata mnyororo huo hadi mwisho, pete moja dhaifu itajichagua yenyewe, nayo itachagua usiku.

Tulikuwa na njia tatu. Kulikuwa na shauri la kurudisha kibao na kukipitishia bolti ndefu kutoka juu hadi chini. Lingekuwa bora kuliko misumari, lakini bolti zingepita kwenye uozo, na viwiko bado hakuna. La pili lilikuwa la kumpa mchomeleaji atengeneze fremu ya vyuma inayofungwa nyuma ya boti na kuinua mashine. Mama alilipenda kwa kuwa lilikuwa la haraka. Fremu ya namna hiyo si mbaya kwenye ubao mzima, lakini inapeleka mashine nyuma zaidi, na kila sentimita unayoisogeza nyuma inarefusha mkono ambao uzito wa mashine unauvutia ubao wa tezi, juu ya uzito wa chuma chenyewe. Kuifunga kwenye tezi isiyo na mifupa ni kuongeza mzigo kwa mgonjwa. Tulibaki na la tatu, kujenga upya nyuma yote: ubao wa tezi mpya na viwiko vinne. Nilimweleza Mama bila kumficha gharama wala siku. Alikaa kimya, kisha akauliza kama wale vijana watakuwa salama. Nikasema ndiyo, tukifanya yote. Akasema tufanye yote.

Kazi ilichukua siku tisa.

Mbao tulileta kutoka Fort Portal: mvule, iliyokauka vizuri. Musizi ni mwepesi na rahisi kuchonga, unafaa mbavu za boti ya bei nafuu, lakini haudumu kwenye unyevu, na kwenye tezi hautoshi. Mvule unastahimili kuoza. Tulitumia tabaka mbili za milimita 27, maungio ya tabaka moja yasikutane na ya jingine, zikagandishwa kwa epoksi, gundi ngumu isiyopitisha maji, na kubanwa kwa skrubu mpaka zikauke. Jumla ni milimita 54. Kabla ya kuranda nilipima mdomo wa kibano cha mashine, maana nimewahi kuona ubao mzuri uliotengenezwa mnene hadi kibano kikakataa kuuvaa, ukachongwa kwa juu na kudhoofishwa siku ileile ulipozaliwa.

Kimo kilituchukua asubuhi nzima, na hakikustahili muda mfupi zaidi. Kanuni ya kawaida ni kwamba lile bamba bapa juu ya propela liwe usawa wa chini ya boti au chini yake kidogo. Likiwa juu mno, propela inavuta hewa, mashine inalia bila kusukuma na inaweza kupata moto. Likiwa chini mno unakokota mguu majini bure, unapoteza mwendo na mafuta. Boti zetu zina mkuku unaojitokeza, na mkuku butu mbele ya propela huchafua maji na kuingiza mapovu. Kwa hiyo tulilishusha bamba sentimita 3 chini ya mkuku, na ncha ya nyuma ya mkuku seremala akaichonga kwa tezo iwe nyembamba kwa urefu wa nusu mita, maji yapite yakiwa yametulia. Mguu ni sentimita 51, ukitoa 3 unabaki kimo cha 48 kutoka chini ya mkuku hadi ukingo. Tulipima hivyo kwenye mstari wa katikati kabisa, si pembeni ambako boti imepanda.

Kisha mlalo. Vibano vya mashine hizi huchongwa kwa ubao wa tezi uliolalia nyuma kidogo, nyuzi 12 hadi 14. Ule wa zamani ulikuwa umesimama karibu wima. Hatukuwa na kipimo cha nyuzi; tulitumia timazi. Ukiangusha uzi kutoka ukingoni, kwa kimo cha sentimita 48 chini kunatakiwa kuwe kumeingia ndani karibu sentimita 11. Pini ya kurekebisha mguu ingeweza kusawazisha kasoro ndogo, lakini ukishajenga upya hakuna sababu ya kuanza na kasoro.

Viwiko ndivyo vilivyonifurahisha. Mzee alikataa kuvikata kwenye ubao ulionyooka, kwa sababu nyuzi za mbao zingekatika kwenye pembe na kiwiko kingepasuka hapohapo. Alizunguka siku nzima akatafuta matawi ya mfenesi yaliyopinda yenyewe, nyuzi zikifuata mpindo. Akapata manne. Kikubwa kikakaa katikati, mkono wa chini ukilala juu ya mkuku kwa futi mbili. Viwili vikashika kingo za mbavu kulia na kushoto. Cha nne kilichukua nafasi ya kile kidogo cha zamani, na kwa upande wa pili tuliongezea taruma. Vyote vilipitishiwa bolti, hakuna msumari. Maungio ya mbavu na ubao mpya tukayakalafati, yaani kuyaziba, kwa pamba na gundi.

Nikaja kwenye sehemu ninayoitwa fundi kwayo. Nilitafuta katikati kwa uzi kutoka omo, mbele ya boti, si kwa kupima upana wa nyuma peke yake, kwani boti ya zamani haina pande mbili sawa. Mashine ikaning'inizwa kwa kapi kwenye tawi, ikashushwa mahali pake. Ndani, chini ya skrubu za mkono, niliweka bamba la alumini la milimita 6 lenye midomo iliyoinuka pembeni, ili skrubu zisiume mbao na wala zisiteleze nje. Zile skrubu nilizikaza kwa mkono, kulia na kushoto kwa zamu. Halafu bolti mbili za chuma kisichoshika kutu, milimita 8, kupitia matundu ya kibano chenyewe ambayo watu wengi hapa huyaona miaka yote bila kujiuliza ni ya nini.

Tundu la bolti ni mlango wa maji kuingia moyoni mwa ubao. Hivyo kila tundu nililitoboa kwanza kwa milimita 12, nikalijaza epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao hadi ikawa nzito, nikaiacha ikauke usiku kucha, kesho yake nikatoboa upya kwa milimita 8 katikati ya epoksi. Bolti inapita ndani ya bomba la epoksi, haigusi mbao kabisa. Kichwa kikakaa nje na gundi ya kuzuia maji, nati ndani, juu ya washa pana, nati zile zenye pete ya nailoni zisizolegea kwa mtikisiko. Ndani, ili nahodha azione kila siku. Hazikazwi mpaka mbao ibonyee. Ikibonyea umeshaanza kuivunja.

Kamba ya usalama ilibadilishwa kuwa waya wa chuma, umefungwa kwenye pete iliyobolitiwa kwenye kiwiko cha katikati. Usifungwe kwenye ubao wa tezi, maana ubao ukiondoka utaondoka na kamba yake. Yule kijana aliyefunga ya nailoni kwenye taruma alifanya sahihi kabisa, na nilimwambia hivyo mbele ya wenzake. Na ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine, ambayo niliikuta imezungushwa kwenye mpini wa usukani ili isisumbue, sasa inafungwa kifundoni mwa nahodha. Usiku ule mashine ilianguka ikiwaka. Propela ilizunguka karibu na watu kwa muda ambao hakuna anayekumbuka ni mrefu kiasi gani.

Kuna tabia moja niliikemea nilipokuwa hapo. Tangu ziwa lilipopanda mwaka 2020 na kumeza sehemu za mwalo, chini ya maji kuna visiki na nguzo za nyumba za zamani. Mguu ukigonga, mashine hutakiwa kuruka juu yenyewe. Baadhi ya wenzetu huufunga mguu kwa kamba usiruke. Hapo kishindo chote kinaingia kwenye ubao wa tezi, safari hii kwa upande wa kinyume, kikivuta nje sehemu yake ya chini na kusukuma ndani ile ya juu. Acha uruke.

Mashine yenyewe nilikuwa nimeihudumia siku ileile ya kwanza: plagi zikatolewa, maji yakamwagwa, oili ikatiwa kwenye silinda, kabureta ikasafishwa, ikawaka jioni. Maji baridi husamehe ukiwahi.

Siku ya majaribio tulipakia magunia ya mchanga badala ya samaki, na dumu la mafuta tukalisogeza mbele ili tezi isilale kwa zile kilo zilizoongezeka. Kabla ya kuondoka nilichora mistari ya penseli ikikatiza kila ungio: kati ya kiwiko na ubao, kati ya ubao na ubavu, kati ya kibano na ubao. Kitu kikisogea hata milimita, mstari unakatika. Tukaenda polepole, kisha moto wote, kisha kona kali pande zote mbili, kisha kurudi nyuma. Nilikaa nimeweka kiganja kwenye ubao wa tezi muda wote. Ulitetemeka kwa mtetemo wa mashine tu. Baada ya saa moja nilikaza skrubu, zikakubali kidogo sana. Baada ya saa kumi za kazi nikazikaza tena, hazikusogea.

Sasa ni mwezi wa tatu. Nahodha huitazama mistari ile kila jioni kabla ya kuwasha taa, na penseli ikififia huja kuniomba nichore tena. Yote imenyooka isipokuwa mmoja, kulia chini, ambapo ubavu wa musizi unakutana na ubao mpya: umeachana kwa upana wa uzi, na maji yanatoka jasho hapo. Ubao wa tezi haujasogea. Ni ule ubavu wa miaka kumi na moja unaoanza kuchoka. Mama ameshalipia ubao mmoja wa mvule, uko chini ya mti kwangu unakauka, na boti itapanda magogo tena giza la mwezi huu likiisha.